Mama Povu na Sabuni ya Mkwewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo bibi yenu hatulii kitini. Fundi mitambo ameshanionya kwamba kiti kinalia hewani. Mnisamehe. Ninayemkumbuka hakujua kutulia, na naona kaniambukiza.

Juzi tumemzika jirani yangu, mtengeneza sabuni, yule tuliyemwita Mama Povu. Moyo wake ulisimama asubuhi, yuko uani anakata miche ya sabuni, aproni kiunoni. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Povu, mtengeneza sabuni, hatunaye.

Uani kwake kulikuwa na pipa la mafuta, ndoo ya soda kali, ile ya kupikia sabuni inayounguza ngozi, iliyofunikwa kwa ubao na jiwe, visanduku vya mbao vya kugandishia, na waya mwembamba wa kukatia. Sabuni hutaka wiki kadhaa ikauke. Yeye aliibonyeza kila alipopita. Mumewe, seremala aliyevichonga vile visanduku, alituambia msibani: "Mke wangu ukimpa yai, atagonga aulize kifaranga kama yuko tayari." Tukacheka huku tunalia.

Sasa nisikilizeni. Mkwewe ameniruhusu niyaseme, na kina baba msizime redio.

Mwanawe ni dereva wa lori la masafa marefu. Mke wa huyo kijana ni msusi. Binti huyo msusi aliumwa jino, akapewa antibiotiki, jino likapona. Kisha ukaanza muwasho ukeni, na ute mweupe, mzito, kama maziwa mgando. Dereva aliporudi na kuambiwa, aliuliza neno moja tu: "Umeitoa wapi?" Binti akaapa. Hakusikilizwa. "Nikirudi safari hii, nikukute umefungasha." Akapanda lori lake, huyo.

Basi kila lori lililonguruma barabarani lilimkata binti pumzi.

Mkwe atamwambiaje mama mkwe mambo ya chini ya kitovu? Alimwambia wifi yake, fundi cherehani. Wifi akamwambia mama. Lo! Ungedhani nyumba inaungua. Mama Povu akawasha jiko, akapika sabuni ya peke yake, soda imezidi, karafuu tele. "Hii itang'oa mpaka mizizi," akasema. Wala hakungoja ikauke. Akampa wifi aipeleke, na maagizo: aoshe mpaka ndani, asubuhi na jioni.

Binti alitii. Hali ikaharibika. Akawa hawezi kukaa kigodani. Wateja wakamtania, "Msusi, unatusuka au unacheza?" Mama Povu alipopata habari, akaagiza aongeze sabuni.

Wifi ndiye aliyegoma. "Mama, unamchuna mtoto wa watu! Twende zahanati."

Wakaenda wote watatu. Nesi akachukua ute, ukatazamwa kwa hadubini. Fangasi. Akapima na sukari kwenye damu, maana sukari ikizidi fangasi hustawi. Sukari ilikuwa sawa. Akauliza, "Mwanangu, unaoshea nini?"

Binti akaangalia sakafu.

"Mimi ndiye mwenye sabuni," akasema Mama Povu.

Nesi hakumgombeza. Alieleza, nami naeleza kama nilivyohadithiwa. Fangasi hawa wengi wetu tunaishi nao mwilini, wala hatujui. Ukeni kuna bakteria wazuri, wanatengeneza asidi, wanawabana fangasi. Na ngozi ya ndani ina kinga yake. Fangasi wakiwa wachache na wametulia, ngozi huwavumilia. Haipigi kelele. Lakini zile dawa za jino ziliua na bakteria wazuri. Fangasi wakazaliana, wakaota nyuzi, wakaichoma ngozi. Hapo ngozi hupiga yowe, na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huja mbio.

"Si ndiyo vizuri?" akauliza Mama Povu.

"Kwingine mwilini, ndiyo. Pale, askari wakijaa mara nyingi wanashindwa kuwamaliza fangasi, wanabaki kuleta vurugu. Ule wekundu, uvimbe na muwasho, sehemu kubwa ni vurugu ya askari wenyewe. Na sabuni kali inazidi kuichubua ngozi na kuwafukuza wale bakteria wazuri."

Wifi akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi!" akasema Mama Povu. "Nimesikia."

Narudia, wapendwa: fangasi wale hawakuwa ushahidi wa uzinzi. Walikuwamo mwilini. Kinga iliyumba, wakapata nafasi.

Binti akapewa vidonge vya kuweka ukeni. Aoshe nje tu, kwa maji. Halafu angoje. Kungoja! Mama Povu alizunguka uani mpaka mumewe akamwambia, "Kaa chini, unanitia kizunguzungu." Muwasho ukapungua, ukaisha. Lakini lori lilikuwa bado njiani, na neno la dereva lilikuwa palepale.

Liliposimama nje, Mama Povu alifika getini kabla kijana hajashuka.

"Mwanangu, nakwambia jambo ambalo mama hamwambii mwanawe wa kiume. Mkeo hakuitoa popote. Ilianzia kwenye dawa za jino, na aliyemzidishia ni mimi, kwa sabuni yangu. Kama lazima mtu afungashe, nifungashe mimi."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Na wewe ulipomtukana mkeo, kuta zilisikia."

Kijana akashuka, akaingia ndani. Kesho yake alikwenda na mkewe kwa nesi, akauliza mwenyewe, akajibiwa yale yale. Kisha akamwomba mkewe radhi, mbele ya dada yake. Tangu hapo Mama Povu aliwaambia wateja wake wote, "Hii ni ya mikono, miguu na mashuka. Huko ndani kuna wenyewe."

Msibani nilimuuliza msusi atamkumbukaje. Akafikiri, akasema, "Bibi, aliniumiza kwa haraka zake, na akaniokoa kwa haraka zile zile."

Pole sana kwa mumewe seremala, kwa dereva, kwa fundi cherehani, kwa msusi. Mungu awape subira. Nanyi kina mama, ukiwashwa usijitibu kwa kubahatisha. Nenda kapimwe, maana si kila muwasho ni fangasi. Nawe baba unayenisikiliza njiani, kama nyumbani kuna mgonjwa wa namna hii, ukifika usianze na lile swali. Msalimu kwanza mkeo, umuulize kama ameweza kukaa leo.