Somo la Majina

Wilkista: Haloo? Haloo, nani huyo anapiga?

Jerono: Mwalimu! Ni mimi, Mama Chep—

Wilkista: Ngoja! Usitaje. Ngoja nitoke hapa mlangoni. [Dawati linaburutwa.] Haya. Ongea polepole, mama. Hii simu spika ya sikioni ilikufa, imebaki kupayuka kama mtu wa mnada. Darasa lote linakusikia.

Jerono: Nimepiga tangu jana! Mteja hapatikani, mteja hapatikani. Nikasema, huyu mwalimu wamem—

Wilkista: Usimalize. Niko. Ile posho mili ya kusaga unga ndiyo ilikuwa inatuchajia, na ilichomwa Jumapili. Leo nimeomba chaji kidogo kwa betri ya kanisa. Habari ya huko Tuwan, Kitale?

Jerono: Ya Tuwan nikuambie nini? Lori la kanisa lilifika jana. Nilisimama pale nyuma nikiangalia watoto wakishuka, mmoja, mmoja, mpaka dereva akafunga mlango. Mwalimu, mtoto wangu ako wapi?

Wilkista: Yuko.

Jerono: Yuko wapi?

Wilkista: Hapa. Mzima kabisa. Ako dawati la mbele, anachora ng'ombe mwenye miguu sita.

Jerono: Ai, Mungu wangu. [Analia.] Miguu sita! Asante, mwalimu. Asante. Sasa kama ni mzima, mbona hakupanda lori?

Wilkista: Mama—

Jerono: Mzee Kipkirui, aliyekuja huko na lori kuchukua watoto, ameniapia kwa jina la Yesu. Ati alisimama mlango wa darasa lako akasoma jina lake mara tatu. Jina lote, mimi mwenyewe nilimwandikia kwa karatasi. Na hakuna mtoto aliinua mkono. Mimi nikamwambia wewe mzee ni mwongo, ulikuwa unaharakisha kurudi. Nilimtusi mbele ya wazee wenzake.

Wilkista: Hakudanganya.

Jerono: Ati?

Wilkista: Alisoma. Mara tatu. Mtoto alikuwa hapa hapa, hatua mbili kutoka kwake.

Jerono: Mwalimu, sikuelewi. [Netiweki inakwaruza.] Haloo? Nimesema sikuelewi!

Wilkista: Ni mimi. Kosa ni langu. Nisikie kwanza, halafu unitukane. Nitakaa nisikize matusi yote, sitakata simu.

Jerono: Sema.

Wilkista: Unakumbuka ile wiki ulienda Suam kununua vitunguu?

Jerono: Siku mbili. Nilikuachia kwa siku mbili tu, mwalimu! Ningejua barabara itafungwa ningembeba mgongoni—

Wilkista: Hakuna aliyejua. Sasa Ijumaa ile walikuja wale wa kutoka juu mlimani. Waliingia darasani na bunduki, tukiwa kwa hesabu ya vifuniko vya soda. Wakaanza kuuliza watoto majina. Mmoja mmoja, kama mwalimu akiita rejista. Na wewe unanijua mimi, miaka ishirini na sita nafundisha hawa wadogo kitu kimoja kabla ya a, e, i: mgeni akikuuliza jina, simama wima, mwangalie usoni, litaje kwa sauti. Nabwile akasimama wima. Akataja jina la babake na la babu yake pia.

Jerono: Nabwile yule wa nyumba ya pili kutoka kwangu?

Wilkista: Huyo. Nilimfundisha vizuri sana.

Jerono: Alifanyiwa nini?

Wilkista: Watoto wananisikia, mama.

Jerono: Woi.

Wilkista: Jioni hiyo nilichukua rejista nikaitia chini ya sufuria ya uji. Iliungua yote. Asubuhi nikawaambia, leo hakuna jina la nyumbani hapa. Kila mtu ni jina la ubatizo, na asiye nalo nikambatiza mimi, Mungu atanisamehe. Jina la ubatizo halina kijiji. Huwezi kujua huyu ni wa kwenu mlimani ama ni wa kwetu huku chini.

Jerono: Na wangu?

Wilkista: Wako ni Joy.

Jerono: Hajawahi kuitwa Joy hata siku moja.

Wilkista: Najua. Ndiyo nikaanzisha somo. Kila asubuhi, kabla ya kusoma, naita jina la nyumbani. Anayegeuka, ametoka mchezo. Anayeendelea na kazi yake ameshinda. Nikawaambia, hata aje mtu wa kupendeza, hata aje mzee, hata aite kwa lugha ya mamako, hasa akiita kwa lugha ya mamako, wewe angalia kitabu. Kwa sababu hao watu si wajinga, wanakuja na utamu. Wako alikuwa bingwa, mama. Nilimwita akila. Nilimwita kwa nyuma. Nilimwita kwa Kisabaot chenu, hicho changu cha kuvunjika cha sokoni. Hata shingo haikugeuka! Nikampigia makofi. Nikamchorea nyota kwa daftari.

Jerono: Mwalimu, nyamaza kidogo.

Wilkista: Kipkirui alipokuja mimi nilikuwa mtoni. Mpishi alitoroka, sasa mimi ndio mwalimu, mimi ndio mpishi. Hawa wakubwa hawako kwa somo langu, wakasikia majina yao wakapanda. Wadogo wangu watano wakaangalia vitabu. Nilisikia lori likigeuza. Nikatupa jerikeni, nikakimbia na haya magoti yangu, nikipiga nduru. Nikapata vumbi.

Jerono: Watano?

Wilkista: Watano. Nikamshika wako mabega, nikamuuliza, kwa nini hukusema ni wewe? Unajua aliniambia nini? "Mwalimu, nimeshinda tena."

[Jerono analia.]

Wilkista: Nitukane sasa.

Jerono: Umemfanya nini mtoto wangu? Umemfanya nini, Wilkista? Mtu ameletwa mpaka mlangoni, na jina nimeandika na mkono wangu—

Wilkista: Endelea.

Jerono: Lori lirudi! Nitaenda kumpigia Kipkirui magoti.

Wilkista: Haliwezi kurudi. Daraja walilifunga nyuma yake na magogo.

Jerono: Basi nakuja mwenyewe. Nichukue boda mpaka huko chini, nitembee.

Wilkista: Na kitambulisho chako kimeandikwa jina gani? Hapo kizuizini darajani wanasoma, mama. Wanasoma polepole lakini wanasoma. Ukija tutakuwa na kilio cha watu wawili.

Jerono: Basi niambie nifanye nini! Nimekaa hapa na miguu yangu mizima na siwezi kufanya kitu, mwalimu, kitu chochote—

Wilkista: Hebu shusha sauti. Kuna wageni wamelala darasa la sita. Wengine.

Jerono: Wa juu tena?

Wilkista: Hapana. Hawa ni wa kwetu huku chini, na bunduki zao. Na nawaogopa vile vile. Sasa wamesema kesho saa mbili watafungua njia ya Malakisi, akina mama wapite waende Bungoma. Mama na mtoto wake. Mtoto wa mtu mwingine habebwi, anabaki shule.

Jerono: Kwa nini abaki shule?

Wilkista: Shule ikiwa na watoto ndani, nani atairushia risasi?

Jerono: Shetani ashindwe.

Wilkista: Kwa hivyo hawa watoto tumegawana, sisi wanawake wa hapa. Nakhumicha wa hoteli amechukua mmoja, wengine nao wamepata. Wanne wamekubali, wamepata mama mpya bila shida. Wako ndiye nimejipa mimi.

Jerono: Mungu akubariki. Pamoja na hayo yote, Mungu akubariki.

Wilkista: Ngoja kwanza kubariki. Jina alikubali siku moja. Mama amekataa siku mbili. Nikimuuliza mama yako ni nani, anasema "Mama yangu ako Kitale, anauza vitunguu." Nimemwambia ni mchezo. Anasema huo hataki. Nimemwonyesha nyota. Ameirudisha! Kichwa ngumu kama chako, bana. Na hapo kizuizini wanauliza mtoto, hawaulizi mimi.

Jerono: Sasa unataka...

Wilkista: Yeye anasikia mtu mmoja tu. Sina ujanja mwingine, mama. Chaji imebaki alama moja, inawaka nyekundu.

Jerono: Unataka nimwambie kwa mdomo wangu?

Wilkista: Nimpe simu?

Jerono: Subiri. Subiri nipumue. [Anapumua.] Mpe.

Wilkista: Joy! Joy, njoo uongee. Ni mtu wa Kitale. Hapa, shika hivi.

Chepkemei: Haloo? Mama?

Jerono: Ai, Mei—

Chepkemei: [Kimya.]

Jerono: Haloo? Uko hapo?

Chepkemei: Mama, usiniite hivyo, nitatoka mchezo.

Jerono: Pole. Pole, mamaa. Umekula?

Chepkemei: Uji. Hauna sukari. Mama, sisi tunasoma chini ya dawati! Na tunaimba bila sauti, tunafungua mdomo tu. Mimi ni sauti ya kwanza. Na jino la mbele limetoka. Unakuja leo?

Jerono: Leo hapana.

Chepkemei: Kesho?

Jerono: Nisikize. Kesho utatembea na mwalimu. Mtakuta watu njiani. Watakuuliza mama yako ni nani.

Chepkemei: Ni wewe.

Jerono: Utawaambia ni mwalimu Wilkista.

Chepkemei: Si ni uongo? Ulinichapa juu ya uongo. Ile ya sukari.

Jerono: Ile nilikosea. Huu si uongo. Huu... huu ni mimi nimekutuma. Nikikutuma dukani si unaenda?

Chepkemei: Ndiyo.

Jerono: Basi nimekutuma. Nenda ukawe mtoto wa mwalimu.

Chepkemei: Wakisema hapana, nilie?

Jerono: Ukilia, mlilie yeye. Shika nguo yake. Usiseme Kitale. Usiseme vitunguu. Usinitaje kabisa, umesikia? Hata ukiogopa.

Chepkemei: Kwani umekasirika na mimi?

Jerono: Hapana! Hapana, mpenzi wangu, sijakasi— [Netiweki inakwaruza.] Unanisikia? Sijakasirika!

Chepkemei: Nimesikia.

Jerono: Hebu nijibu basi. Mama yako ni nani?

Chepkemei: [Kimya.]

Jerono: Tafadhali. Nakuomba. Mama yako ni nani?

Chepkemei: Mwalimu Wilkista.

Jerono: Tena. Kwa sauti.

Chepkemei: Mama yangu ni Mwalimu Wilkista!

Jerono: Vizuri. [Analia.] Vizuri sana.

Chepkemei: Na wewe nikuite nani?

Jerono: Mimi? Mimi niite anti. Anti wa mbali.

Wilkista: [kwa mbali] Joy! Leta simu haraka, hao watu wametoka darasani, wanakuja huku. Joy!

Jerono: Ngoja, kidogo tu, nimwambie—

Chepkemei: Kwaheri, anti. Mama ananiita.

[Simu inakatika.]