Bahasha ya Gaudiosa Kutoka Ulaya

Gaudiosa Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Kamachumu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mwalimu Joachim na Mama Clementina. Alisoma hapahapa, kisha sekondari Bukoba, na mwaka 1996 akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu utotoni hakukubali kushindwa hoja, hata na baba.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na Humphrey. Walijaliwa binti mmoja, Fiona.

Septemba 2003 alipata ufadhili wa kusomea uzamivu Guangzhou, China, ambako mdogo wake Anatory, anayewasomea wasifu huu, alikuwa wakala wa mizigo katika jengo la Tianxiu. Enzi zile, jamani! Biashara ilikuwa imechanganya, na kila Jumamosi Gaudiosa aliwasindikiza wanunuzi wetu kwenye maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Siku moja muuzaji aligoma kubadilisha raba zilizobanduka soli.

"Laoban," Gaudiosa akamwambia bosi huyo, "Ulaya mnunuzi ana haki."

"Meiyou!" Hakuna.

Gaudiosa akaketi juu ya robota, akafungua kitabu chake cha sheria za Ulaya, akasoma mpaka raba zikabadilishwa. Siku hiyo ndiyo aliyoanza makala yake kuhusu haki ya mnunuzi. Jarida la sheria za Ulaya lilimrudishia mara tatu aisahihishe, na mwaka 2007 likaichapisha.

Wakati huo saratani ilikuwa imemlaza. Jarida lilimwandikia kwamba nakala zake mbili zimetumwa ofisini kwa Anatory, Tianxiu, na kila Anatory alipoingia wodini aliulizwa, "Bahasha yangu?"

"Bado, dada."

Kumbe ilishafika. Anatory aliidhania katalogi ya kiwanda, akaisokomeza katikati ya sahani za mteja zisivunjike, na kontena likapakiwa bandari ya Huangpu kuja Dar. Gaudiosa alifariki tarehe 9 Novemba 2007 bila kuliona jina lake kwenye jarida.

Juzi, tulipofika Dar na mwili, mteja wetu Zulekha wa Kariakoo alikuja kutoa pole. "Anatory, nimefungua katoni za sahani," alisema. "Nimekuta bahasha hii, ina jina la marehemu."

Ndugu zangu, aliyekosea ni mimi. Naumia, na nimeona niseme mbele yenu nyote.

Ameacha mama, mume, binti na mdogo wake. Nakala moja anayo Fiona. Ya pili tumemwekea dada kifuani, imefunguliwa penye jina lake.

Bahasha imefika, dada. Sasa pumzika kwa amani.