Saa Tisa ya Karatasi

Sikilizeni wanangu, na wewe Danstan, mwenyekiti wetu wa kitongoji uliyekuja na kalamu, na wewe katekista uliyeshika rozari kana kwamba nimeshakata roho. Irudishe mfukoni kwanza, wakati wake ukifika utaitoa. Niinueni kidogo, mto mmoja hautoshi. Hapo hapo. Maneno haya si ya kusemwa na mtu aliyelala, na nataka yaishe kabla ya saa tatu, kwa sababu saa tatu kuna kazi, na kazi hiyo haijawahi kunisubiri hata siku moja.

Mimi Xavery, ambaye kilima kizima mnaniita Mzee Milimita mkidhani sisikii, nina akili zangu timamu. Anayebisha aniulize mvua ya tarehe anayoitaka. Mwili umechoka, lakini mwili ni nyumba tu, na nyumba ikivuja mwenyewe hasahau jina lake.

Mali yangu haitachosha kalamu yako, Danstan. Nyumba hii na kibanja chake cha migomba ni vya Consolatha, binti yangu, ambaye kila Ijumaa akimaliza kufundisha huko Ntobeye hupanda milima kuja kunifulia. Shamba la bondeni lote mpaka kijitoni, nililorithi kwa baba yangu, ni la Benedicto. Ng'ombe ni wawili na ninyi ni wawili, msiniaibishe kwa kugombea mkia. Madaftari arobaini na nne yaliyo chini ya kitanda hiki, pamoja na kopo la kupimia mvua na glasi yake yenye mistari, nitasema ni vya nani nikifika huko.

Naona, Benedicto, unavyolitafuta shamba la juu mdomoni mwangu. Tulia, mwanangu. Shamba la juu ndilo lililonifanya niwaite.

Mnajua nilivyoipenda mvua, na jua pia, maana huwezi kumpenda mmoja tu wa mapacha. Nakumbuka kile kiangazi Consolatha alipokuwa darasa la pili, jua likatuchoma hadi migomba ikakunja majani saa nne asubuhi, kuku wakalala na midomo wazi, na mimi nikaandika sifuri siku tisini na saba mfululizo, kila siku nikitoka na glasi kwa heshima zote kama mtu anayekwenda kupima kitu. Nakumbuka mvua ya mawe ya alasiri ile uliyozaliwa wewe, Benedicto. Mama yenu Scolastica, Mungu amrehemu, alinisimanga hadi siku anakufa kwamba mtoto alipolia mara ya kwanza, baba yake alikuwa uani na sufuria kichwani, amelikumbatia kopo lisibondwe na mawe. Ni kweli, nilikuwa huko. Nakumbuka mwaka wakimbizi walipojaza milima ya Ngara, watu wengi kuliko majani, nami nikapima. Nimepima siku ya harusi yangu na siku ya kumzika mama yenu. Mlidhani ni mapenzi tu. Nusu ilikuwa mapenzi, na nusu nyingine ilikuwa adhabu niliyojipa mwenyewe.

Maji, Consolatha. Ahsante.

Kopo nililetewa na bwana shamba mmoja mwaka wa themanini na moja. Akanionyesha jinsi ya kumimina na kusoma, akaniachia karatasi ya maelekezo, akapanda pikipiki yake. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mimi ni wa darasa la nne, lakini katikati ya maneno yale niliona tarakimu: 9:00. Nikafurahi. Kiingereza sikukijua, lakini tarakimu nilidhani haina lugha. Tisa ni tisa. Basi kila siku saa tisa alasiri, jua likiwa limeshachemsha shaba ya kopo tangu asubuhi, nikatoka kupima. Mvua kubwa niliikuta. Manyunyu ya alfajiri sikuyakuta, na nisichokikuta nikaandika sifuri.

Miaka miwili nilifanya hivyo, na sikumdhuru mtu. Halafu ikafika Februari ya themanini na tatu.

Mvua ilikuwa imegoma. Watu wameshalima, mbegu ziko mkononi, ardhi imekauka kama ukoko. Jirani yangu wa juu alikuwa mama mmoja mjane, Magdalena, mchapakazi, mwenye mdomo, asiyeomba chumvi kwa mtu. Alichelewa kuvuna, kwa hiyo maharage yake yalikuwa bado yameanikwa uani. Mnajua binadamu akikosa mvua hutafuta mkono ulioishika. Wakasema Magdalena ameifunga mvua mpaka maharage yake yakauke. Wakamwita kwenye mkutano. Waliomwita wote wameshatangulia mbele ya haki, sitawataja.

Yule mama hakulia. Alisimama akasema: "Jumatatu na Jumanne alfajiri yamenyesha manyunyu kwangu, maharage yangu yamelowa nikayaingiza ndani. Nani anafunga mvua halafu inamlowanisha mwenyewe? Muulizeni Xavery. Yeye ana kile chombo cha serikali, hakijui ujirani wala uadui."

Ni yeye aliyeniita shahidi, wanangu. Nataka mlielewe hilo. Hawakuniita wao.

Wakavua kofia kunisikiliza, watu wazima, wazee wa kilima, na mimi kijana wa miaka thelathini na mitano. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti: Jumatatu, tarehe kumi na nne, sifuri. Jumanne, tarehe kumi na tano, sifuri. Na ninaposoma, shati langu lililolowa Jumanne ile, nilipokwenda kukama ng'ombe, lilikuwa bado kambani nyumbani. Manyunyu yaliangukia ubavu wetu tu, kwake na kwangu, huko ng'ambo vumbi tupu. Nililowa kwa mwili wangu huu. Lakini daftari lilisema sifuri, na kofia zilikuwa zimevuliwa, nikaona haya kusema kwamba ngozi yangu inajua kuliko karatasi.

Jioni hiyo hiyo waliezua nyumba yake. Magdalena akafunga mzigo wake, akamshika mkono binti yake wa miaka kumi, akaelekea Biharamulo kwa miguu. Alipopita hapo uani alisimama mbele ya kopo, akanitazama, akasema, "Xavery, hilo kopo lako lina kiu kuliko sisi." Nilidhani ni uchungu tu unaomsemesha.

Miezi miwili baadaye bwana shamba akarudi, akanikuta ninamimina. Akauliza, "Unapima saa hizi?" Nikamwonyesha karatasi. Alicheka hadi akashika nguzo. "Mzee, hiyo tisa ni ya saa za Kizungu! Kwetu ni saa tatu asubuhi. Manyunyu yako yote umelinywesha jua." Akacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikia, nilikuwa namsikia Magdalena.

Niliijua kweli tangu siku hiyo, na nikanyamaza. Ningesema, wangenicheka, na kicheko nilikiogopa kuliko dhambi. Shamba lake lilipobaki bila mtu, wakaniambia mimi jirani niliangalie lisigeuke pori. Nikaliangalia, nikaliangalia, miaka arobaini na zaidi, mpaka kuangalia kukawa kumiliki. Hilo ndilo shamba la juu. Mmelishwa ndizi zake tangu mko wadogo. Mchuma janga hula na wa kwao, wanangu, na ninyi nimewalisha bila kuwaambia mnakula nini.

Sasa mtazameni mgeni aliyekaa karibu na mlango, mama ambaye tangu jana mnaniuliza ni nani. Nilimtuma Consolatha hadi Nyarubungo, huko Biharamulo, kumtafuta, naye kwa utii wake akaenda bila kujua sababu. Huyu ni Priscila. Ndiye yule binti wa miaka kumi. Mama yake alikufa huko huko ugenini, nilipata habari miaka kumi na moja iliyopita kwa mchuuzi wa maharage, na hata siku hiyo sikusema kitu.

Jana ulipoingia, Priscila, ulinisalimia shikamoo, nikageukia ukutani. Wanangu wakakuambia ni maradhi. Hayakuwa maradhi. Nilikosa mdomo wa kuitikia marahaba, maana mtu huitikia heshima aliyonayo.

Benedicto, acha kutikisa goti. Jana faragha uliniambia, baba, hata kama kuna neno la zamani kuhusu shamba lile, watu wamesahau. Priscila, umesahau? Mmeona kichwa chake kilivyokataa. Basi hawajasahau, wamekaa mbali tu.

Andika, Danstan. Shamba la juu, kuanzia mstari wa minyaa hadi jiwe jeupe, ni la Priscila binti Magdalena na uzao wake. Si zawadi, usiandike neno zawadi. Andika linarudishwa. Kahawa iliyopo ni jasho la Benedicto, avune msimu huu, kisha akabidhi. Mawe ya msingi uliyomwaga kule, mwanangu, utayateremsha bondeni, na pole kwa mgongo wako, lakini nyumba ijengwe pasipo na kilio chini yake. Atakayeng'oa mpaka huo sitamlaani. Consolatha ataandika tu jina lake daftarini, na mmeona karatasi inavyoishi kuliko watu.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimezoa maji yaliyomwagika maisha yangu yote, nikayamimina kwenye glasi na kuyapima. Hayarudi mawinguni, lakini kiasi chake kinajulikana. Hicho tu ndicho ninachokitaka, kosa langu lijulikane kiasi chake.

Consolatha, chini ya kitanda, daftari la tatu, jalada la bluu. Mpe Priscila, pamoja na kalamu. Februari. Umeziona hizo sifuri mbili, Priscila? Usizifute, mama, kinachofutwa huacha shaka. Piga mstari mmoja juu yake, na pembeni uandike: manyunyu, Magdalena alisema kweli. Andika taratibu. Danstan, wewe na katekista mtie sahihi chini yake. Na Jumapili, baada ya ibada, likasomwe mbele ya watu kwa sauti ileile niliyosomea mimi.

Sauti inanikimbia... Saa ngapi? Tatu kasoro? Basi.

Nikifa, msinizike saa tatu, saa hiyo mtu akapime. Mvua ikinyesha siku ya maziko, msimtafute aliyeileta, na isiponyesha msimtafute aliyeifunga. Pimeni, mwandike. Kopo na madaftari ni vya Consolatha. Na ukimwona mtu amelowa, mwanangu, mwulize yeye kwanza, halafu ndipo usome glasi.

Sogeeni. Mungu awape mvua ya kiasi. Awape jua la kuanikia na watu wa kuanua nao... Benedicto, mkono wako. Mkono mzito huu, ndio nilioutaka. Nenda naye nje sasa. Wewe ushike kopo, Priscila asome. Pamoja. Msimwage.

Fungueni dirisha niwaone.

...Ngapi? Kumi na nne na nusu. Vizuri. Mvua nzuri hiyo ya usiku... ya maharage. Andika.

Nani ananisemesha? Sogea, Priscila, bati linapiga kelele, imeanza tena... Rudia, mwanangu. Rudia hiyo salamu.

Marahaba.