Mama Fransiska na Karatasi ya Vigango

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mama Fransiska Mwanandenje anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya katekesi hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na mmoja. Aliripoti kazini Julai mosi 1994 akiwa na cheti cha uchapaji, sweta mbili na hofu. Sweta ameshabadilisha nyingi, maana baridi ya hapa haina mzaha. Hofu ni ileile. Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, haikujua kwamba imemkabidhi mtu mwingine mwenye ugonjwa huohuo, na ukurasa huu nimeuanza mara tano.

Kwa wageni wetu ambao hawasali vigangoni, nieleze kwanza Karatasi ni nini. Parokia zetu zina vigango vingi, yaani makanisa madogo ya vijijini, na mapadre wachache. Kigango kinaweza kumwona padre mara moja kwa mwezi, na wakati wa masika hata miezi miwili ikapita. Jumapili zilizobaki katekista ndiye anayeongoza ibada. Anasoma masomo na Injili, kisha anasoma tafakari fupi iliyotoka kwetu mjini, ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Jina lake rasmi ni refu, kwa hiyo watu wanaiita Karatasi tu. Mama Fransiska ndiye mwandishi wake, kila wiki, kwa vigango sitini na vinne.

Hakuajiriwa kuandika. Aliajiriwa kupiga chapa tafakari za padre mmoja ambaye mwandiko wake ulihitaji imani kuusoma. Mwaka 1997 padre huyo akahamishwa ghafla, na Mama akaambiwa ashike nafasi yake kwa wiki mbili mpaka apatikane mtu. Wiki mbili hizo zimefika mwaka wa ishirini na nane, na mtu huyo bado tunamsubiri.

Wanaomjua wanajua habari za Alhamisi. Siku hiyo vifurushi vinapelekwa stendi kupakiwa kwenye mabasi ya vijijini, na Mama lazima avisindikize. Akishavikabidhi anaondoka. Akifika getini anasimama, anashika kichwa, anarudi. Ameshakumbuka mstari mmoja ambao haujakaa sawa. Kondakta wa basi la Mwazye, Shedrack, ilifika mahali akimwona tu anarudi anaanza kufungua kamba mwenyewe bila kuulizwa. Mwaka 2005 basi liliondoka naye akiwa ameinama kwenye kiti cha nyuma na kalamu mkononi, akisahihisha nakala moja moja. Alishushwa nje kabisa ya mji, akarudi nyumbani kwake Kizwite kwa baiskeli ya msamaria mwema, akiwa na furaha kwamba nakala zote alikuwa amezimaliza.

Kila ikisimuliwa tunacheka sana, lakini ukweli ni kwamba hakuwa anacheza. Kwa miaka kumi na mbili ya mwanzo, Mama Fransiska aliandika bila kupata jibu hata moja. Karatasi ilikuwa inapanda basi, basi linaondoka, basi. Hakuna katekista aliyewahi kuandika kwamba wiki hii umetugusa, wala kwamba wiki hii hatukuelewa kitu. Yeye mwenyewe alikuwa akisali Kizwite, ambako padre yupo, kwa hiyo hakuwahi kuisikia ikisomwa. Anasema alikuwa anaamka Jumapili tumbo limemkaza, saa ileile ambayo vigango sitini na vinne vilikuwa vinakaa kusikiliza maneno yake, au havisikilizi, hakuwa na namna ya kujua.

Kisha ikaja Julai 2009. Mama alikuwa na mafua makali, na mezani kulikuwa na kalenda mbili za liturujia, ya mwaka ule na ya mwaka uliopita. Akafungua ile ya mwaka uliopita. Injili ya Jumapili hiyo ilikuwa Yesu akiwatuma mitume wawili wawili, wasichukue mkoba wala mkate. Tafakari aliyoituma ilizungumzia mpanzi na mbegu zake, mwanzo hadi mwisho. Aligundua Jumatatu asubuhi, akakaa chini palepale penye boksi la stenseli za kuchapia.

Alisubiri makatekista wamlalamikie. Kila simu ya ofisi ilipolia alikuwa anaruka. Wiki ya kwanza ikapita kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Hapo ndipo alipoumia kuliko ambavyo angeumia kwa kufokewa, maana aliona jambo moja tu linaloweza kueleza kimya kile: Karatasi haisomwi, na kama inasomwa hakuna anayesikiliza. Miaka kumi na mbili ya Jumapili alikuwa anaongea na ukuta. Akaandika barua ya kuomba ahamishiwe stoo, awe anahesabu daftari na chaki mpaka astaafu. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, padre asiye na maneno mengi, aliipokea barua, akaiweka chini ya Biblia yake, akamwambia ataisoma Mama akishakwenda vigangoni upande wa Mwazye na kurudi.

Kwa hiyo mwezi wa nane Mama Fransiska akapanda basi la Shedrack, safari hii kwa hiari yake, akaenda kwenye kigango kimoja upande ule. Alifika Jumamosi. Akina mama wa zamu ya usafi walikuwa wanafagia kanisa, wengine wanapepeta ulezi pembeni, na katikati yao amekaa katekista wao, Mzee Maximilian, na Karatasi ya kesho yake mkononi. Alikuwa anawasomea. Akimaliza mstari anawatazama nyuso. Wakimtazama nao bila kusema kitu, anachukua kalamu ya bluu na kuukata mstari huo. Mgeni aliposogea na kusema shikamoo, mzee aliitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kukata.

Mama alipojitambulisha, akina mama waliweka mafagio chini. Mzee Maximilian akainuka, akaingia sakristia, akatoka na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na Karatasi zote tangu 1997, zimefungwa kwa kamba za katani katika mafungu matatu, kwa kuwa masomo ya Jumapili hurudi kila baada ya miaka mitatu, Mwaka A, Mwaka B na Mwaka C, na karibu kila moja imekatwakatwa. Nyingine ilikuwa imebaki nusu, nyingine robo. Mama anasema alipoziona aliomba ardhi ipasuke. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu Jumapili ile ya mpanzi.

Mzee akaonyesha fungu la Mwaka B. Jumapili ile aliona mapema kwamba Karatasi haiendani na Injili, akaiweka pembeni, akachukua ile ya miaka mitatu nyuma, akasoma hiyo. Na si yeye peke yake aliyeona. Makatekista walikutana kwenye semina yao wakalizungumza jambo lile, kisha wakakubaliana wote kwa pamoja kwamba mama wa mjini asiambiwe. Maneno ya Mzee nimeyapata kwa Mama mwenyewe, na ameyakariri:

"Mama, mtu amekupikia miaka yote, siku moja ameunguza maharage. Utamwita mbele za watu umwambie? Sisi tulikuhurumia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa anakufa moyo Kizwite kwa sababu watu sitini na wanne wameamua kumfanyia heshima. Mama Fransiska alilia mbele ya akina mama wa usafi, na wao, wasioelewa analilia nini, walimpa bakuli la uji wa ulezi.

Aliporudi ofisini aliomba barua yake. Mkurugenzi aliitoa chini ya Biblia ikiwa bado imefungwa. Tangu siku hiyo mpaka leo hakuna Karatasi inayochapwa kabla ya kwenda Mwazye wiki mbili mapema, kukatwa. Inasomwa Jumamosi mbele ya wanaofagia, inarudi Jumanne ikiwa na kalamu ya bluu, na Mama anaandika upya alipokatwa. Wenzetu waliosoma tafakari zake za zamani na za sasa watakubali kwamba hawa ni kama waandishi wawili. Yule wa zamani alikuwa anaandika ili mapadre wasimcheke. Huyu wa sasa anaandika ili mama mwenye ungo asikie.

Sasa niseme linalonikosesha raha, kwa sababu wengi wenu mnalijua tayari. Mimi, Wilibrodi, nimefunga vifurushi vya Karatasi na kusahihisha chapa kwa miaka kumi na moja. Mwezi wa pili Mama alilitaja jina langu kuwa mrithi wake. Nilikataa mara mbili. Kamati ya katekesi ikasema ikifika Julai hakuna mwandishi, Karatasi inafungwa, na vigango vitakuwa vinatumiwa tafakari za sauti kwenye simu. Mzee Maximilian, ambaye bado anaongoza ibada, ana kitochi, simu ndogo isiyopokea sauti hizo, na kukipata hewani lazima mwenyewe apande kilimani. Nikakubali kwa woga wa kuonekana ndimi niliyeiua.

Nikaandika tafakari ya Julai 6, Jumapili ya wale sabini na wawili waliotumwa mbele. Niliiandika siku tisa. Nikaituma Mwazye. Jumanne ya tarehe 17 ikarudi, na kati ya mistari hamsini na minane ilikuwa imebaki saba. Nilikaa nayo chooni, sioni aibu kusema, kwa kuwa ndipo pekee penye mlango unaofungwa. Kisha nikaandika barua fupi ya kujitoa kwa kamati na kwenda kumwonyesha Mama kwanza, kwa heshima.

Hakuisoma. Alifungua droo yake akatoa Karatasi ya kwanza aliyoipeleka kukatwa, Septemba 2009. Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Akaniambia, "Umenipita kwa minne, Wili. Nenda kaandike." Nikamuuliza hofu ilimwisha mwaka gani. Akasema haijamwisha, ila alichoka kuisubiri iondoke ndipo aanze kazi, akaizoea kama alivyozoea baridi. Barua yangu aliirarua na kuitumia kufungia karanga.

Karatasi ya Julai 6 iliondoka stendi juzi Alhamisi. Niliisindikiza, nikafika getini, nikarudi. Sijui kama ni nzuri. Najua tu kwamba ipo, na kwamba vigango sitini na vinne wiki ijayo vitakuwa na kitu cha kusoma.

Mama Fransiska, kwa niaba ya wenzako wote wa ofisi, na ya watu wengi waliokaa kwenye mabenchi ya vigango wakakusikia bila kukujua sura, tunakushukuru. Tunakuombea afya, ulezi wa kutosha, na Jumapili za kuamka tumbo likiwa limetulia. Umesema ukishastaafu utahamia Mwazye, shambani kwenu. Basi huko Jumamosi utakuwa zamu ya usafi kama wengine, na utanisikia nikisomwa. Usinihurumie, mama. Chukua kalamu, unikate.

Wilibrodi Sikazwe
Ofisi ya Katekesi, Juni 28, 2025