Muheme Mbele ya Watu Waliokaa

Kwenye treni ya kwenda Dar, mbele yangu alikaa Mama Evelina, Mgogo wa Chamwino anayepeleka ngoma ya muheme Ulaya na kikundi chake. Aliyekaa kando yake, Anyitike, mtumishi wa serikali, akamwonya: "Mama, kule usishuke jukwaani kuwavuta watazamaji wacheze."

"Wacheza baleti wa Ulaya walipokuja kwetu, tuliinuka tukacheza nao. Waliduwaa kidogo, kisha wakacheka."

"Kwao ni utovu wa adabu."

"Kwetu kukaa tu ndiyo matusi, mwanangu. Nikipiga muheme wote wamekaa, nitajuaje wameipenda?"

"Watapiga makofi mwishoni."

"Mwishoni nitakuwa nimeshakufa kwa aibu!"

Mimi ningeinuka, hata kama nimelipa kiingilio. Treni iliposimama, Anyitike alimbebea ngoma hadi mlangoni, bado anabisha, na mama anacheka.