Nani Ashike Brigedi

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe Abdulhafidh usitazame saa, barabara ya Houston itakungoja. Hemed, kaa ubavuni mwa ndugu yako. Hamjakaa pamoja tangu tumzike mama yenu, na leo mtakaa kitanda kimoja hata kama ni kwa hasira. Nawal, kitindamimba wangu, ninyanyulie mto, kisha usitoke.

Nyumba ya Unguja na teksi ya hapa zitagawanywa kama sharia ilivyosema, hapo sina la kuongeza. Nnausia jambo moja: nikikata roho, nani atatoa amri. Alipofariki Mwanakhamis, mama yenu, Hemed alishaagiza kaburi hapa Texas, Denton, Abdulhafidh naye yuko Houston anatafuta ndege ya kumrudisha kwao, kila mmoja mkubwa kwenye simu yake, na mke wangu akalala kwenye jokofu la hospitali akisubiri wanaume wawili wamalize kubishana. Mimi sitaki kulala hivyo.

Mnajua nilikuwa mtu wa redio, makao makuu ya brigedi, vita vya Kagera. Nilichokipenda jeshini si bunduki, ni mpangilio. Brigedi ni maelfu ya watu: batalioni kadhaa za askari wa miguu, mizinga yao, wahandisi, waganga, malori, na wapishi, ambao bila wao nisingekuwa hai kuwazaa. Juu ya wote mtu mmoja, Brigedia. Pembeni yake mnadhimu, anayeyageuza mawazo ya mkuu kuwa kazi inayofanyika. Kila batalioni na luteni kanali wake, kila kombania na meja wake, kila platuni na luteni wake, mpaka koplo na vijana wake wachache, na amri inateremka ngazi kwa ngazi, wala Brigedia haruki wote hao akaenda kumwambia koplo achimbe wapi. Wale askari wa hapa Marekani aliowabeba Hemed kwenye teksi, wamerudi likizo kutoka Iraki, walimwambia brigedi zao zinaongozwa na kanali, lakini mpangilio ni ule ule. Yote yale yalipita masikioni mwangu, na wallahi lilikuwa jambo la kupendeza, watu wengi vile, wa kila kabila, wakisogea kwenye matope kama mwili mmoja.

Brigedia wetu, Modestus, alijeruhiwa kwenye kivuko, akamkabidhi brigedi kanali mmoja kijana aliyemfunza mwenyewe. Haikupita muda yule kanali akabadilisha mahali pa kuvukia. Nikamsogezea Brigedia redio pale kwenye machela, nikidhani atamkemea, naye akaurudisha mkono wangu taratibu.

“Brigedi si yangu tena,” akasema.

Ukubwa kama ule sijauona tena kwa mtu.

Basi brigedi yenu nyinyi namkabidhi Nawal.

Usikohoe, Hemed. Najua unachotaka kusema: ni mdogo, ni mwanamke, na mwanamke hateremki kaburini. Kwani nani kamwambia ateremke? Mkuu wa brigedi hachimbi handaki. Mtachimba nyinyi, mtanibeba nyinyi, imamu atasalisha, na yeye atasema wapi na lini. Nani aliyewasimamia manesi mpaka wakamgeuza mama yenu bila kuombwa mara ya pili? Nani aliyekupeni habari zenu, huyu za huyu, miezi yote mliyonuniana? Kazi ameifanya siku nyingi bila cheo. Leo simpi zawadi, nampa haki iliyochelewa.

Mimi binafsi natamani kuzikwa Makunduchi, kule Unguja, kwa wazee wangu. Nimelisema, mmelisikia. Sasa Nawal, toa amri. Kwa sauti, mwanangu, masikio nayo yanaanza kuondoka.

Denton? Kando ya mama yako... siku hiyo hiyo. Hakuna ndege.

Nyamaza, Abdulhafidh. Amesema.

Hebu, maji... basi, yatosha. Shikaneni mikono. Si hivyo, kwa nguvu. Kafani iko kabatini, rafu ya juu. Radhi zangu mnazo nyote watatu, Mungu akupeni umri wa heri... na akuwekeeni huruma baina yenu.

Nawal. Inama kidogo, unisikie nikiijibu amri yako.

Ndiyo, afande.