Bi Ouida Moran na Muhuri wa 317

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, Bi Ouida Moran, mtunzaji wa roketi yetu hapa makumbusho, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 25 Oktoba 2019. Alianza mwaka 1981 akiwa mfagizi wa uwanja. Leo, kuanzia mkurugenzi hadi walinzi wa lango la mtoni, hakuna ambaye hakufundishwa naye jambo.

Kwa wafanyakazi wapya, inafaa nieleze. Roketi za kwenda mwezini zilijengwa kwa vipande vilivyobebana. Kile cha chini, chenye injini tano, kilisukuma kwa dakika mbili na nusu hivi, kisha kikaachiwa kianguke baharini. Cha kwetu hakikuanguka, kwa sababu safari yake ilifutwa. Ndiyo maana kimelala ubavu kwenye nyasi zetu, urefu wa mita arobaini na mbili, mdomo wake ukielekea pwani.

Wachomeleaji wa kiwandani New Orleans walikuwa na desturi: aliyemaliza ungio alipiga kando yake muhuri wa wino wenye namba yake. Alcide Moran, baba yake Bi Ouida, alikuwa namba 317. Alifariki binti akiwa na miaka kumi na minne, kabla ya kumpeleka akauone. Bi Ouida hakuja kwetu kutafuta ufagio. Alikuja kutafuta muhuri huo.

Kwa bahati mbaya, rangi tulizopaka sisi wenyewe ziliifunika mihuri yote. Akajifunza kubandua rangi kwa kitambaa chenye dawa, kiganja kwa kiganja, bila kugusa wino. Hivyo alifichua mihuri mia mbili na kumi na miwili, akaiandika daftarini; ya 317 haikuwemo. Familia zikaanza kuja, kutoka Picayune, Slidell, hata Texas. Waliokwisha kugusa namba ya mzee wao aliwakalisha jikoni kwetu, na kama ni Jumatatu walikula maharage mekundu na wali kama sisi sote.

Tusimfanye malaika. Mwaka 1993, amechoshwa na nyigu, aliziba kwa vizibo vya chupa matundu yote ya kupumulia ya tangi. Ilipofika adhuhuri ya Agosti, bati lilitanuka likaguna kama ng'ombe anayezaa. Mama mmoja alitoka mbio, wanawe wawili kwapani, akipiga mayowe: "Jamani, linaondoka!"

"Haliondoki bila mimi," alisema Bi Ouida, akaenda kuleta ngazi.

Mwaka huu chumvi ya pwani ilianza kulila bati lenyewe. Mashine ililetwa iparue kila kitu, rangi mpya ifuate. Mashine haichagui wino. Zilikuwa zimebaki sehemu mbili ambazo Bi Ouida hajazikagua: tumboni, na ukanda mwembamba karibu na injini. Muda, hadi mashine ifike huko Ijumaa iliyopita, ulitosha moja tu. Alcide alichomelea matangi. Binti akachagua tumbo, akalala chali siku tisa.

"Bi Ouida, ukienda hivi tutastaafu wote siku moja," alimtania Delphin Cuevas, msimamizi wa wapaka rangi.

"Wewe ustaafu nini, Delphin? Kazi yenyewe hujaianza."

Alhamisi, zikiwa zimebaki mita mbili, alifika Bi Hazel Bourgeois, ajuza wa miaka tisini na mmoja, akiitafuta namba 47 ya marehemu mumewe. Haikuwemo daftarini. Bi Ouida alitoka chini, akajipangusa mikono.

"Mama, mzee alikuwa upande gani?"

"Wa injini, mwanangu."

"Basi njoo, nikupe kiti."

Namba 47 ilitokeza karibu na injini Ijumaa saa kumi jioni; mita mbili za tumboni zilibaki vile vile. Bi Hazel aliitazama, akacheka, machozi yakimtoka. "Ona, kaupiga kichwa chini! Ndiye huyo huyo!"

Delphin akamsogelea Bi Ouida. "Nikuongezee hadi Jumatatu? Nitasema mashine imeharibika."

"Usiseme uongo kwa ajili yangu. Kwa hewa hii, bati tulilokwisha kuliparua likilala wazi siku tatu, tunaanza upya. Endelea."

Alisimama pale mpaka mashine ikapita mita ya mwisho. Hakuna aliyeondoka.

Daftari ametuachia. Namba zote zina mahali pake: mita fulani, upande fulani. Wino, alitueleza juzi, ni wino tu. Ungio lenyewe hakuna mashine inayoling'oa. Na mbele ya 317, kwa kalamu ya risasi, ameandika neno moja: "Yumo."

Asante, Bi Ouida, kwa kutuonyesha tunachunga kazi ya mikono ya nani. Ulale mpaka jua lipande, miguu ipumzike, na siku zako ziwe njema na nyingi. Ukitaka kumwamkia mzee, lango ni lako.